Vita Viliisha, Mizigo Ikabaki

Siku yangu ya kwanza kazini nilitumwa Kaloleni kutafuta mtu anayekumbuka asubuhi ile binadamu alipokanyaga mwezini. Nilipewa kinasa sauti cha kaseti ambacho mfuniko wake ulishikiliwa kwa raba, betri ambazo nusu yake zilikuwa zimekwisha, na onyo moja: nisirudi na profesa.

"Maprofesa wako kwenye vitabu," aliniambia Odera, msimamizi wetu wa vipindi. "Mimi nataka mtu wetu."

Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, nimemaliza kidato cha nne, na tayari nilikuwa nimejaribu kila kazi inayomfaa mtu asiyeweza kukaa kitini: kusambaza vipeperushi, kusoma mita za maji, kuuza kalenda. Leo nina miaka arobaini na sita na nimestaafu. Najua mnacheka. Magoti yangu hayacheki. Nyinyi mnaobaki kwenye ile studio yenye mablanketi ukutani mliniomba niwaandikie jinsi kipindi cha kumbukumbu za dunia kilivyokuwa kikitengenezwa kabla simu hazijaanza kutuletea tarehe bila sisi kuvaa viatu. Ya mshahara sitayagusa. Aliyewahi kufanya kazi kwenye redio ya mtaa anajua hakuna cha kugusa.

Kanuni ya Odera ilikuwa moja. Kila asubuhi tulitaja jambo lililogeuza dunia tarehe kama hiyo, lakini halikuingia hewani mpaka apatikane mtu wa Eastlands, mitaa yetu ya mashariki mwa Nairobi, wa kutuambia alikuwa wapi siku hiyo. Mfalme akipinduliwa ng'ambo, sisi tulitafuta aliyekuwa anauza maziwa Makadara akasikia habari hiyo dirishani. Odera alikuwa mpiga chapa zamani, mashine ikamchukua kidole, na alipokuwa akisisitiza jambo alikunyooshea pale ambapo kidole hakipo.

Kaloleni nilizunguka mpaka jua likanigeukia, ndipo nikampata mama mmoja aliyekuwa anaanika nguo. Nikamuuliza alihisi nini aliposikia mtu amefika mwezini.

"Nilihisi nini? Nilikuwa natafuta sufuria yangu. Ilikuwa imeibwa. Mume wangu anakuja na redio anapiga kelele, wamefika, wamefika. Nikamwambia, mtu amefika mwezini na sufuria yangu haijafika jikoni."

Niliona aibu kumpelekea Odera kitu kama hicho. Aliisikiliza mara mbili, akaufuta uso kwa leso, akasema hiyo ndiyo kazi. Kisha akanifundisha jambo ninalowaachia kama zana: usimuulize mtu alihisi nini, muulize alikuwa ameshika nini mkononi. Anayeulizwa hisia atakupa hotuba. Anayeulizwa mkono atakupa sufuria. Siku hiyohiyo alinionyesha pia kwamba vitabu viliandika tarehe ishirini Julai, lakini hatua ya kwanza ilipokanyagwa, hapa kwetu ilikuwa karibu kunakucha, tarehe ishirini na moja. "Tarehe za dunia," alisema, "sisi zinatufikia kwa wakati wake." Nilidhani anajisemea tu.

Ukuta wa Berlin niliupatia mtu Gikomba. Alikuwa mfunguaji wa marobota ya mitumba, na alikumbuka kuanguka kwa ukuta kwa makoti. Miaka michache baada ya ukuta, alisema, yalianza kuja makoti mazito ya kijeshi, robota baada ya robota, na hakuna mteja aliyeyataka. Nani atavaa blanketi lenye vifungo Nairobi? Mpaka wakajitokeza masoja wa getini. "Ukiona soja wa miaka ile analala amesimama," aliniambia, "ujue amevaa jeshi zima la Ujerumani." Hilo lilitoka hewani na masoja wakapiga simu wiki nzima, wengine kutoka zamuni, jambo ambalo waajiri wao bila shaka walilifurahia.

Tarehe saba Agosti ndiyo pekee ambayo hatukumtafuta mtu. Mwaka wa kwanza nilipoitayarisha nilimuuliza Odera niende mtaa gani. Akaniambia nikae. Tulisema tu kwamba leo ni siku ile bomu lilipolipuka mjini, tukaacha laini wazi. Watu walikuja wenyewe. Sitaandika walichosema. Walikisema mara moja na inatosha.

Lakini tarehe iliyonishinda kila mwaka ni kumi na moja Novemba. Ndiyo siku vita vya kwanza vya dunia vilipotangazwa kuisha, mwaka elfu moja mia tisa kumi na nane. Waliokuwa watu wazima wakati huo walikuwa wamelala makaburini zamani, na Odera hakukubali tarehe bila mtu. Tulikuwa tukiiruka na kuweka muziki. Ulipofika mwaka wa mia moja tangu vita hivyo viishe, alinizuia mlangoni.

"Musyoka, mwaka huu haturuki. Tunaishi jirani na Kariokor. Mtaa umeitwa kwa jina la Carrier Corps, jeshi la wapagazi, na sisi kazi yetu ni kutangaza nyama choma yake."

Alikuwa na haki. Katika vita vile wanaume wa huku walichukuliwa kwa nguvu kubeba vyakula na risasi za wanajeshi, wakatembea na mizigo kichwani mpaka ndani ya Tanganyika na kupita. Wengi hawakurudi. Niliuliza Kariokor yenyewe, Shauri Moyo, Bahati, wakaniangalia kama mtu wa sensa. Fundi seremala mmoja wa Gikomba ndiye aliyenielekeza Umoja, kwa mama anayeshona sare za shule; fundi alikuwa amemsikia siku moja huyo mama akimtukana babu yake aliyeenda vitani.

Nilimkuta kwenye kibanda kilichoongezwa mbele ya nyumba, cherehani katikati ya marundo ya sweta za kijani. Shosho Wanjiru, ndivyo Wakikuyu wanavyomwita nyanya, alikuwa mwanamke mnene wa miaka sabini na kitu, miwani imening'inia kwa uzi wa sufu. Kando yake kaka yake mkubwa, Guka Karanja, guka ni babu, alikuwa akinywa chai bila haraka.

"Shosho, nasikia babu yako alienda vita vya Wajerumani."

"Alienda. Akaniacha."

"Alimwacha nani?"

"Mimi. Niko hapa mbele yako na unauliza nani?"

Nikamtazama Guka Karanja anisaidie. Akacheka ndani ya kikombe. "Kijana, wewe ni Mkamba, hata nyinyi mnaitana majina ya babu na nyanya. Huyu ameitwa Wanjiru wa nyanya yetu, mke wa huyo mpagazi. Baba yetu alimwita mama mpaka akafa. Kwa hivyo aliyeachwa ni yeye."

"Na nilimaliza miaka yote ile nikimngojea," Shosho akaongeza, akikata uzi kwa meno.

Hadithi ilikuwa hivi. Mwaura alichukuliwa akiwa kijana, akaacha mke na mtoto mmoja anayetambaa, ndiye baba yao hawa wawili. Aliondoka na Macharia wa kijiji kilekile. Macharia alirudi, na maneno yake hayakuwa mengi: habari ya kuisha kwa vita ilipowafikia, yeye na Mwaura walikuwa pamoja, wazima, wakaimba pamoja. Siku kadhaa baadaye, asubuhi moja, Mwaura hakuwa kwenye mstari. Macharia hakusema amekufa, kwa sababu hakuona maiti. Kijiji kikamalizia chenyewe. Vita vimeisha, mwanaume yuko hai, miguu anayo, na nyumbani hakuja. Basi ana mwanamke huko.

"Nyanya alikuwa mpaka anajua huyo mwanamke anapika nini," alisema Shosho. "Samaki. Alikuwa akisema, mwenzangu anakula samaki, anasahau irio yangu."

Adhabu yake ikawa jina. Kwao mtoto wa kwanza wa kiume huitwa baba wa baba yake, na ndivyo mtu aliyekufa anavyoendelea kukaa nyumbani. Karanja alistahili kuitwa Mwaura. Nyanya alikataa, mtoto akapewa jina la ndugu wa huyo mpagazi. Tangu hapo, katika watoto, wajukuu na vitukuu wa nyumba ile, hakuna Mwaura hata mmoja.

"Na mimi ndiye mwenye kukataa sasa," alisema Shosho, na mzaha ukamtoka usoni. "Nyanya alinishika mkono akaniambia, usimwache aingie. Mke wa mjukuu wa Karanja ana mimba ya tatu. Akizaliwa mvulana, jina ni la upande wetu. Kuna wanaosema-sema aitwe Mwaura. Nimewaambia, nikiwa hai, hapana."

Nilimwalika aje aseme hayo moja kwa moja studioni. Tarehe ile iliangukia Jumapili, akaja kutoka kanisani na kofia ya sherehe, Guka Karanja nyuma yake amebeba mkoba. Shosho alikuwa mzuri hewani kuliko sisi sote. Alimsimulia Mwaura na mke wake wa samaki mpaka Odera, upande wa pili wa kioo, akawa anajipiga mapaja. Wasikilizaji walipiga simu wakimpa pole na kumlaani mzee. Mmoja akajitolea kwenda Tanganyika kumrudisha kwa pingu.

Kisha ikaingia sauti ya mzee, ya taratibu, na nyuma yake kuku.

"Haloo. Mimi ni Kilonzo wa Mukuru kwa Njenga, dereva wa lori mstaafu. Huyo mama ananisikia?"

"Anakusikia."

"Mama, shikamoo kwa umri wa huyo unayemwakilisha. Lakini huyo mzee mnamwonea."

Shosho akacheka. "Kumbe unamjua? Si ni wewe ulimpatia mke?"

"Simjui. Babu yangu alikuwa huko, yeye alirudi. Mlisema habari ya kuisha vita ilifika, wakaimba?"

"Waliimba."

"Hata babu aliimba. Alisema waliimba mpaka koo zikakauka. Halafu asubuhi filimbi ikapigwa, wakaambiwa wainue mizigo."

Shosho alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepiga filimbi.

"Mizigo ya nini? Vita si vimeisha?"

"Vita vilikuwa vimeisha, mama. Mizigo haikuwa imeisha. Wazungu wote wawili, wa huku na wa huko, walikuwa bado wanatembea, wanaenda mahali pa kupeana bunduki. Nani abebe vyakula vyao? Walibeba kwenda, wakabeba kurudi. Na njia hiyo ndiyo ilikuwa na ule ugonjwa. Mafua."

"Mafua?"

"Mafua makubwa ya mwaka ule. Babu alisema mtu alikuwa anabeba mchana, jioni anatetemeka, asubuhi hayuko kwenye mstari. Walioimba pamoja naye, alisema, risasi hazikuwamaliza. Waliisha kwenye hiyo njia, baada ya wimbo."

Asubuhi hayuko kwenye mstari. Ni maneno yaleyale ya Macharia. Sikuyaweka mimi kinywani mwa Kilonzo, na hakuwahi kuonana na familia hiyo maishani mwake. 

Shosho aliuliza jambo moja tu, kwa sauti ambayo kipaza sauti kiliipata kwa shida. "Na mtu akianguka, walisimama?"

"Hawakusimama, mama. Walichukua mzigo, wakampa mwingine."

Akanyamaza. Mnajua kanuni ya redio kuhusu kimya: kikizidi pumzi chache, weka muziki, la sivyo msikilizaji atadhani stima imepotea. Nilinyoosha mkono kwenye kitufe. Odera alipiga kioo kwa kiganja, akatikisa kichwa. Tukakaa hivyo, kituo kizima kimya Jumapili mchana, na kitu pekee kilichotoka hewani ni kuku wa Kilonzo. Guka Karanja alikuwa amesimama, mkoba umemwanguka miguuni. Shosho alivua vile vya masikioni, akaviweka mezani polepole, akatoka bila kuaga.

Odera alinikalisha baadaye. "Sikiliza. Hatujui. Huyo Mwaura anaweza kuwa alikufa, anaweza kuwa alioa. Usiende kumwambia tunajua."

Kesho yake nilikwenda maktaba. Shuleni tulifundishwa tarehe kumi na moja Novemba, tukaikariri, tukafanya nayo mtihani, na hakuna aliyetuambia kwamba upande wetu wa dunia mapigano yaliendelea kwa sababu habari ilichelewa kufika. Wala kwamba Wajerumani wa huku waliweka silaha chini rasmi tarehe ishirini na tano, wiki mbili baada ya Ulaya kupiga kengele za amani, mahali ambapo leo ni Zambia. Mafua nayo yalikuwamo kitabuni, yakiwaua wapagazi njiani. Nilisoma nimesimama kati ya rafu. Nilikuwa nimetangaza tarehe za dunia karibu miaka ishirini na sikuwahi kujiuliza tarehe hii iliishia kwa nani.

Nilimpelekea Shosho nilichosoma, pamoja na onyo la Odera. Alinisikiliza akipindisha upindo wa sweta ileile tangu nilipoingia.

"Kwa hivyo hujui."

"Sijui, Shosho."

"Hata mimi sijui. Lakini nimeketi hapa tangu jana naangalia kitu kimoja. Hatujui kama ana mke, tukampa mke. Tukampa mpaka samaki." Akavua miwani. "Mtu ametetemeka kando ya njia, hana hata wa kumpa maji, na mimi niko nyumbani namtukana. Musyoka, nyanya alikufa anamtukana. Alikufa akiwa na hasira kama mtu aliyemeza jiwe."

Mtoto alizaliwa miezi michache baadaye, na akawa mvulana. Nilialikwa chai, na niliacha kinasa sauti ofisini, mara ya kwanza tangu niajiriwe. Nilidhani nimeitwa kusherehekea. Nilikuta ugomvi, na mpinzani hakuwa niliyemtarajia.

"Mimi nimezeeka na jina la mtu mwingine," alikuwa akisema Guka Karanja. "Shuleni waliniuliza, wewe kifungua mimba, mbona huitwi babu yako? Nikajibu, babu yangu ni mhuni. Nimejibu hivyo maisha yangu yote. Leo mnaniambia hakuwa mhuni? Kwa sababu ya mtu wa simu?"

"Si kwa sababu ya mtu wa simu," Shosho akasema.

"Sasa ni nini?"

"Ni kwa sababu ni mimi niliachwa. Wewe hukuachwa, wewe ulinyimwa jina tu. Mimi ndiye mke. Kama kuna mtu wa kumfungulia mlango ni mimi, na nimechoka kusimama hapa nikiushikilia."

 Mama wa mtoto, binti mdogo ambaye nadhani alikuwa amemwandalia mtoto jina zuri la kisasa kimyakimya, alimwangalia Guka. Mzee aliomba apewe mtoto. Alimshika vibaya, kama mzigo usiojulikana unashikwa wapi. Akamtazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa Kikuyu maneno machache ambayo niliyaelewa kwa sababu la mwisho lilikuwa jina. Halafu akamrudishia Shosho haraka, akatoka nje kusimama karibu na tangi la maji, na tukamwacha huko.

Hayo ndiyo niliyotaka kuwaandikia. Mengine mnayajua. Odera alistaafu, mitambo ikabadilishwa, tarehe zikawa zinaingia zenyewe asubuhi na picha zake, na kipindi kikawa dakika moja kati ya matangazo. Sisemi ni vibaya. Nasema tu, mkisoma kwamba tarehe fulani jambo fulani liliisha, tokeni mkaulize liliisha kwa nani. Vaeni viatu vyenye soli nzuri.

Wiki niliyoondoka nilizunguka mitaa yote kuaga, kama mtu mwenye deni la salamu. Umoja nilifika siku ambayo maji yalikuwa yamepotea na mkokoteni wa mitungi ulikuwa umesimama barabarani. Kila mtu alikuwa amebeba, mama, vijana, watoto wa darasa la kwanza na vijerikani vyao. Shosho Wanjiru, sasa na fimbo, alikuwa akiuburuta mtungi wake mwenyewe. Kando yake, mikono mitupu, alitembea mvulana wa sare ya kijani, mnene wa afya, akipiga jiwe kwa kiatu.

Jirani alimpigia kelele kutoka kwenye ngazi. "Shosho! Si umtume huyo bwana yako? Ako na nguvu kukushinda!"

"Huyu hatumwi," akajibu bila kugeuka.

Nilikuja kujua kwamba mtaa mzima unacheka jambo hilo. Tangu azaliwe, Mwaura hajawahi kutumwa kubeba kitu. Si maji, si makaa, si unga. Hata mkoba wa shule Shosho humpokea mlangoni. Mama yake analalamika kwamba atakuwa mvivu. Guka Karanja, nasikia, ndiye humtetea.

Aliponiona, Shosho hakusema hujambo. Aliniwekea mtungi mkononi. "Musyoka, nimesikia umestaafu. Basi sasa una nafasi, beba."

Nikauinua, magoti yakalia. Mvulana aliona, akakimbia kushika mpini upande wa pili. "Wacha nimsaidie, shosho. Mimi naweza."

Shosho alimtoa mkono, kidole kimoja kimoja, akaufuta vumbi kwa upindo wa leso yake.

"Najua unaweza," akamwambia. "Wewe ulishabeba."